Jina la Redio na Sauti za Uluguru

Redio ya taifa letu imebadili jina na wasimamizi mara kadhaa. Mwaka 1951 ilianza kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, chini ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1956 ilikabidhiwa shirika lililoitwa Tanganyika Broadcasting Corporation. Mwaka 1965 Serikali ililivunja shirika hilo na kuiweka redio chini ya Wizara. Ndipo ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 2007 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanzania, na herufi TBC zikarudi baada ya miaka 42.

Sisi tuishio chini ya milima ya Uluguru hatukuijua redio kwa herufi zake. Tuliijua kwa sauti ilizozibeba: Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Salum alifariki mwaka 1965, Mbaraka mwaka 1979. Lakini kanda ziliwahifadhi, na wakaendelea kuimba.

Basi yafaa tukumbuke kwamba jina hubadilishwa kwa sheria, bali imani ya msikilizaji haina sheria ya kuihamisha. Kila uongozi mpya hupokea majengo, mitambo na watumishi. Yaupasa upokee kanda nazo kama amana, uzitunze na kuzirithisha. Kanda ikioza au ikifutwa, hakuna jina jipya litakalomrudisha mwimbaji. Msimamizi wa redio hutajwa na sheria. Mwenye sauti ni taifa.