Pelé wa Vidoti Vitatu

Machi 2020, siku chache baada ya fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza, nilipita kwenye banda moja la gemu Maili Moja, Kibaha, nikakuta vijana watano wamebanana kwenye benchi na hakuna anayecheza. Mmoja ameshika pedi, wenzake wanamwelekeza kama makondakta wanaomrudisha dereva kinyumenyume: shuka, shuka tena, ingia Ubelgiji, hapohapo, Genk. Walikuwa wanamsajili Mbwana Samatta. Mashine ya banda lile haikuwa na intaneti, kwa hiyo ndani ya FIFA 20 yao Samatta alikuwa bado mchezaji wa Genk, ilhali Machi 1 watu walikuwa wameshamwona Wembley akijirusha na kuifungia Aston Villa kwa kichwa dhidi ya Manchester City. Villa walilala 2-1, lakini pale bandani hiyo haikuwa habari. Walimhamisha kwa mkono wao, wakabishana kidogo kama sura ya kwenye kioo inafanana naye, ndipo mwenye banda akaanza kuhesabu dakika.

Taifa Stars haikuwemo kwenye gemu ile. Samatta, mtoto wa Mbagala, alikuwemo, tena kwa jina lake kamili, kwa sababu mahali fulani huko Ulaya kulikuwa na karatasi iliyotiwa saini. Karatasi hiyo ndiyo leseni: kampuni ya gemu inalipa ili ipate haki ya kutumia jina na sura ya mtu. Kwa mchezaji mpira kazi ya mbunifu wa gemu ni nyepesi, maana mtu anajulikana kwa kucheza mpira na gemu ni ya mpira. Kazi inakuwa ngumu pale leseni inapomwangukia mtu ambaye hakuna aliyefikiria kumwona kwenye gemu. Mwanamuziki, mchekeshaji, dada wa mitindo. Saini imeshawekwa, hela imeshatoka, na mbunifu amekaa na jina mkononi anajiuliza: sasa huyu atafanya nini humu ndani?

Hata mpira haukuanza vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Atari walikuwa na gemu ya kandanda iliyoitwa Championship Soccer, kisha wakaibatiza upya kwa jina la Pelé. Hakuna kilichobadilika ndani yake. Kila timu ilikuwa na wachezaji watatu na golikipa, na wale watatu walitembea pamoja kwa umbo la pembetatu, ukiwatazama kutoka juu kama ndege anayepita uwanjani: vidoti vitatu. Kipi kati ya hivyo kilikuwa Pelé? Mnunuzi alijazia mwenyewe. Mwaka 1982 ikaja Journey Escape, gemu ya bendi ya roki ya Marekani iitwayo Journey, ambamo mchezaji anawapitisha wanamuziki katikati ya mapromota na wapiga picha wanaotaka kuwafilisi, hadi wafike kwenye chombo chao cha kuondokea. Kama gemu ilikuwa dhaifu, lakini nawapa sifa moja: walau walijiuliza mwanamuziki akitoka jukwaani anakimbia nini.

Aliyepata jibu zuri alipata kwa bahati. Minoru Arakawa, mkuu wa Nintendo kule Marekani, alimwona Mike Tyson akipigana kabla kijana huyo hajatwaa ubingwa wa dunia kutoka kwa Trevor Berbick, Novemba 1986. Nintendo walikuwa na gemu ya masumbwi iliyokwisha kuundwa; Japani waliitoa kwanza bila Tyson, nakala 10,000 za rangi ya dhahabu kama zawadi ya mashindano. Kwa soko la dunia wakamweka Tyson mwishoni kabisa, mpinzani wa kufungia kazi, na mwaka 1987 kasha likaandikwa Mike Tyson's Punch-Out!!. Mchezaji ni bondia mdogo anayeitwa Little Mac, anayemfikia Tyson kiunoni. Kwa sekunde 90 za kwanza, ngumi ya Tyson ikikupata moja tu umelala chini. Huna la kufanya ila kukwepa na kuomba Mungu.

Hapo ndipo jina lilipokutana na kitendo. Kila mtu aliyewahi kusikia habari za Tyson wa miaka ile alijua pambano lake linaisha kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, na gemu ilikutia hofu ileile kwenye vidole. Leseni ilipofika ukomo Nintendo hawakuiendeleza. Mwaka 1990 gemu ikarudi na bondia mwingine, Mr. Dream, mwenye mwendo uleule na ngumi zilezile. Mwaka huohuo, Februari, Tyson mwenyewe alikuwa amepigwa na Buster Douglas pale Tokyo. Lakini waulize walioicheza. Hakuna anayejisifu kwamba alimpiga Mr. Dream.

Mwaka 1990 pia Sega walitoa Moonwalker ya Michael Jackson. Niliikuta kwa mjomba wangu aliyekuwa baharia, na hii nataka kukaa nayo kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshaicheza kabla sijaiona.

Nilikuwa na miaka minane tulipokwenda kwa bibi Kisarawe. Mchana mmoja mdundiko ukapita. Wasomaji wa Pwani hawahitaji kuelezwa, ila kwa wengine: mdundiko ni ngoma ya Wazaramo ambayo haikai mahali pamoja. Mwali anatolewa, au kuna harusi, ngoma zinafungwa mabegani na mapigo yanatembea barabarani, na kila nyumba inayopitwa inapungukiwa na mtu mmoja au wawili. Mwanamke anaacha ungo wenye mchele, fundi baiskeli anaacha gurudumu. Watoto ndio hawana kinga kabisa. Nilianza kufuata kwa hatua mbili tatu, nikisema nitarudi pale kwenye mwembe. Niliposhtuka nilikuwa upande wa Minaki, jua limeelekea kuzama, na simjui mtu hata mmoja. Nilirudishwa kwenye kitako cha baiskeli ya mzee mmoja, nikachapwa, na hadi leo watu wazima wa Dar es Salaam na Pwani wana kisa cha namna hii, cha mtoto aliyepotelea kwenye mdundiko.

Sasa Moonwalker. Michael anatafuta watoto waliotekwa, wamefichwa nyuma ya milango na ndani ya buti za magari. Maadui wanamjia. Anaweza kuwapiga mateke, lakini silaha yake kubwa ni nyingine: ukishikilia kitufe cha uchawi wake, kila adui aliyepo kwenye kioo anasimama kwenye mstari na kuanza kucheza naye, hatua kwa hatua, mpaka muziki unakatika na wote wanaanguka. Hata mbwa wanacheza. Na ngoma hiyo si ya bure, inakula nguvu za Michael mwenyewe. Nilipoona mbwa wamesimama kwa miguu ya nyuma wakifuata mapigo nilicheka hadi mjomba akanizimia televisheni. Waliobuni gemu ile walikuwa wameelewa jambo ambalo mpiga ngoma yeyote wa Maneromango angewaambia: mtu mwenye muziki wa aina ile hakupigi, anakuchukua.

Michael Jackson mwenyewe alifika Dar es Salaam Februari 1992 na kupokewa na Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyezaliwa Kivure mwaka 1925, kijiji ambacho leo kimo Mkuranga na zamani kilikuwa Kisarawe. Mwenyeji wa nchi ya mdundiko na yule aliyechezesha mbwa, wanasalimiana Ikulu. Sidhani kama kuna mpiga picha aliyelifikiria hilo.

Sitapoteza muda mwingi kwa Shaq Fu. Mwaka 1994 Shaquille O'Neal, mcheza kikapu wa Orlando Magic, alitiwa kwenye gemu ya kung fu iliyotengenezwa na Delphine wa Paris, watu hodari kweli waliokuwa wameshatoa Another World. Anaingia kwenye ukumbi wa kung fu Tokyo, anaangukia dunia nyingine, anakwenda kumwokoa mtoto aliyetekwa na maiti iliyokaushwa ya Misri. Mtu mrefu kuliko mlango, anayejulikana kwa kuvunja magoli ya kikapu kwa kuyaning'inia, halafu hapewi hata mpira. Japani, Takeshi Kitano alikuwa ameshakwenda mbali zaidi kwa makusudi. Gemu yake ya mwaka 1986 iliyotolewa na Taito ilitangaza kwamba imetungwa na mtu anayechukia gemu, na mahali fulani ilimtaka mchezaji asiguse pedi kwa saa nzima. Hiyo ilikera watu wengi. Ila ukimjua Takeshi, mchekeshaji wa kumtania mtazamaji wake mpaka akasirike, utakubali kwamba alikuwemo humo mzimamzima kuliko Shaq alivyokuwemo kwenye yake.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda tulijifunza thamani ya leseni kwa kuikosa. Kwenye PES 6, gemu ya mpira iliyokuwa kwenye kila PlayStation 2 ya Kibaha, Chelsea waliitwa London FC na Liverpool Merseyside Red. Katika matoleo ya zamani Roberto Carlos alikuwa Roberto Larcos, na kuna mwaka wachezaji wote wa Uholanzi walipewa jina moja la Oranges na namba. Hakuna aliyelalamika. Kijana asiyejua Merseyside ni mji au ni sabuni alikuwa anaichagua bila kusita, kwa sababu jezi ilikuwa nyekundu na Gerrard yumo. Lililonishangaza ni kinyume chake. Ukianza ligi ya kujenga timu unapewa wachezaji wa kubuni: Castolo, Minanda, Ximelez. Hawa hawakuwahi kuzaliwa popote. Lakini mtaje Castolo mbele ya mtu yeyote wa rika langu aliyewahi kulipia dakika, utaona anavyotabasamu kama umemtajia mtu waliyesoma naye.

Wenye majina nao waliamka. Mwaka 2003 golikipa Oliver Kahn aliwapeleka Electronic Arts mahakamani Hamburg kwa kumtia kwenye gemu ya Kombe la Dunia la 2002 bila idhini yake, akashinda. Mwaka 2017 mahakama ya Uholanzi ilimpa haki Edgar Davids dhidi ya Riot Games, kwa sababu ya mhusika wa League of Legends mwenye rasta na miwani kama yake. Jina lake halikutajwa ndani ya gemu. Miwani ilitosha.

Kisarawe ina kisa chake cha jina mashuhuri kuwekwa mahali pasipotarajiwa, ingawa si cha gemu. Jokate Mwegelo alijulikana kwa Miss Tanzania ya 2006, kisha kwa filamu, muziki na chapa yake ya Kidoti, iliyouza nywele na ndala. Julai 2018 akateuliwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Kwenye daladala za Gongo la Mboto maswali yalikuwa yaleyale ya mbunifu mwenye leseni mpya: sasa huyu atafanya nini humu? Jibu lake likawa kampeni ya Tokomeza Ziro, ya kuchangisha ili kuinua matokeo ya kidato cha nne, na baadaye shule ya wasichana wilayani ikabeba jina lake. Jina lililouza nywele likahamia kwenye mabweni.

Nimewahi kujiuliza mbunifu wa hapa akipewa jina kama hilo atengeneze nini. Njia rahisi ni gemu ya kuvalisha nguo. Lakini waliotengeneza ile ya Kim Kardashian mwaka 2014, kampuni ya Glu, waliona mbali zaidi ya hapo, ingawa walichukua gemu yao ya zamani iitwayo Stardom na kuivisha upya. Humo wewe si Kim. Wewe ni muuza duka, unafunga zamu, na Kim anatokea akiwa na shida ya nguo. Unamsaidia, naye anakushika mkono anakupandisha mjini. Nyota amefanywa dada mwenye uwezo, yule ambaye kila ukoo wa Pwani unaye mmoja kule Dar, na ambaye kila binti wa kijijini anaomba siku moja ampigie simu. Gemu ilidumu karibu miaka kumi, ikazimwa 2024. Wahakiki waliokuja kucheka waliondoka wamekwisha kununua viatu vya kwenye simu kwa hela halali.

Banda la Maili Moja siku hizi ni duka la kutoa na kuweka fedha. Gemu zimehamia kwenye simu, na simu ina mambo yake. Juzi stendi ya Kisarawe nilikaa karibu na kijana anayecheza Dream League, gemu ya Waingereza yenye leseni za wachezaji wengi lakini isiyo na Simba wala Yanga. Humo unaruhusiwa kubandika kiungo cha picha ya jezi, mraba wa 512 kwa 512, na vijana wetu huzichora jezi za Ligi Kuu na kuzigawa wao kwa wao kila msimu bila kumwomba mtu ruhusa. Alikuwa ametumiwa kiungo cha jezi mpya ya Simba. Akakibandika, kikagoma, akakibandika tena. Bando lilikuwa limekwisha. Gari la Pugu likaanza kuita abiria, akachagua jezi nyekundu tupu iliyomo tayari, akaandika Simba kwa herufi kubwa kwenye jina la timu, akaingia uwanjani.