Ekzosi za Pikipiki za Kiingereza Katika Hewa ya Chumvi: Mtazamo Kutoka Kiegeani

Bomba la moshi, ambalo mafundi wa gereji huliita ekzosi, ni miongoni mwa sehemu za pikipiki zinazokufa mapema katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwa sababu hiyo historia ya kulibadilisha inaonyesha, pengine kuliko historia ya injini yenyewe, jinsi vipuri vilivyopatikana, vilivyoadimika na vilivyobuniwa katika eneo hili kwa muda wa karne moja. Kiegeani, mojawapo ya kata za Wilaya ya Mafia katika Mkoa wa Pwani, panafaa kulitazamia suala hili kwa kuwa kisiwa chenyewe ni mtihani mkali kwa chuma: bahari iko karibu pande zote, unyevu haukauki, na kila kipuri hakina budi kuvuka maji kabla ya kufika mikononi mwa fundi.

Waingereza waliitwaa Mafia kutoka kwa Wajerumani mwezi Januari 1915, wakaifanya kituo cha kuisaka manowari ya Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, ambayo iliangamizwa mwezi Julai mwaka huohuo. Katika vita hiyohiyo, yaani Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, jeshi la Waingereza lilileta bara kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini, na ndivyo pikipiki ilivyojulikana kwa wengi kama chombo cha kijeshi kabla ya kuwa chombo cha karani, mmisionari au mfanyabiashara. Triumph ya Model H, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1915 mjini Coventry ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 550, ilizalishwa zaidi ya 30,000 kwa ajili ya vita hiyo. Katika Vita Kuu ya Pili nafasi yake ilichukuliwa na BSA M20, pikipiki nzito, ya polepole na yenye subira, ambayo zaidi ya 120,000 zilitoka kiwandani Birmingham. Kuanzia mwaka 1948 ikafuata BSA Bantam, ndogo na ya bei nafuu, ambayo usanifu wake ulichukuliwa kutoka DKW ya Ujerumani kama fidia ya vita.

Ili kuelewa ugumu wa kuchagua bomba la kuchukua nafasi ya lile lililooza, inafaa kwanza kufahamu kwamba kazi yake haiishii kwenye kutoa moshi. Kila mara vali ya kutolea moshi inapofunguka, wimbi la mgandamizo husafiri ndani ya bomba, na sehemu yake hurudi nyuma likifika mahali ambapo bomba linapanuka au kuishia. Urefu na upana wa bomba, pamoja na muundo wa sailensa, yaani kopo la mwisho linalopunguza kelele, ndivyo vinavyoamua kama wimbi hilo linarudi kwa wakati wa kuisaidia injini kuvuta hewa mpya au kwa wakati wa kuizuia. Wasanifu walipanga jeti za kabureta, yaani vitundu vidogo vinavyopima petroli, kwa kuzingatia bomba maalumu, na ndiyo maana anayefunga bomba pana kupita kiasi kwa kuamini kwamba upana ni nguvu hugundua kuwa pikipiki imekuwa na sauti kubwa na imepoteza mvuto katika mwendo wa kati, ambao ndio mwendo unaotumika kila siku.

Namna ya kufunga bomba kwenye silinda hedi nayo ilitofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Kwenye Triumph nyingi zenye silinda mbili, kipande kifupi chenye nyuzi huskurubiwa kwenye hedi, kisha bomba huvishwa juu yake na kubanwa kwa klampu yenye mapezi ya kupoza. Kwenye Norton, bomba hushikwa na pete kubwa yenye nyuzi inayoingia ndani ya hedi ya aluminiamu, na pete hiyo ikilegea kwa mtikisiko bila mwenye pikipiki kujali, hutafuna nyuzi za hedi hadi ukarabati wake ugharimu kuliko mabomba yenyewe. Juu ya hayo, bolti na nati za pikipiki hizi zilifuata vipimo vya inchi na mifumo ya nyuzi ya Kiingereza, ukiwamo ule uliopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, ambao pembe yake ya nyuzi ni digrii 55, wakati nyuzi za milimita zilizoenea sasa zina digrii 60. Bolti ya milimita hulazimishwa, huingia mizunguko miwili mitatu, kisha hushika au kukatika. Na panapobaki upenyo kati ya bomba na hedi, hewa huvutwa ndani na injini huanza kupiga milipuko midogo kila dereva anapoachia mafuta.

Kuhusu kutu, watu wengi hulaumu bahari peke yake, lakini hilo ni nusu tu ya maelezo. Lita moja ya petroli ikiungua huzalisha takriban lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke bomba likiwa la moto, na hubaki kama matone ndani ya sailensa likiwa bado la baridi, yakichanganyika na asidi inayotokana na salfa iliyomo kwenye mafuta. Kisiwa cha Mafia kina urefu wa takriban kilomita 50 tu, kwa hiyo safari nyingi ni fupi, na pikipiki huzimwa kabla ya sailensa kupata joto la kuyakausha maji hayo. Kwa nje, chumvi hushambulia kromu, ambayo kwa kawaida ni utando mwembamba usiofikia hata sehemu moja ya elfu ya milimita, uliopakwa juu ya nikeli. Kinga halisi ni hiyo nikeli ya chini, na mahali ilipopakwa kwa ubahili, madoa ya kahawia hujitokeza kwanza chini ya kona ya bomba na kwenye mshono wa sailensa. Bomba huliwa pande zote mbili, na linapotoboka mara nyingi hubaki liking'aa upande unaoonekana.

Vipuri asilia vilipatikana kwa mkondo wa kawaida wa kibiashara hadi miaka ya 1960, ndipo mikondo miwili ikakauka karibu kwa pamoja. Uingereza, ushindani wa Wajapani na uongozi mbovu wa viwanda viliiangusha BSA, ambayo mwaka 1973 iliingizwa katika kampuni ya Norton Villiers Triumph, na kiwanda cha Triumph cha Meriden kikafungwa mwaka 1983. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, uagizaji wa bidhaa uliwekwa chini ya mashirika ya umma, na uhaba wa fedha za kigeni, uliozidishwa na vita ya Kagera ya 1978 na 1979, ulifanya bomba la pikipiki ya zamani kuwa jambo ambalo hakuna ofisa angelitolea kibali mbele ya dawa au mafuta. Ni vigumu kumlaumu ofisa huyo.

Pengo hilo lilizibwa na ufundi wa mikono wa aina inayojulikana Gerezani, jijini Dar es Salaam, na uliopata msukumo rasmi serikali ilipoanzisha SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, mwaka 1973. Kukunja bomba bila mashine kunahitaji mchanga: bomba lililonyooka huzibwa upande mmoja, hujazwa mchanga uliokauka kabisa huku likigongwagongwa ili ushikane, huzibwa upande wa pili, kisha hupashwa moto hadi liwe jekundu na kuvutwa taratibu kufuata kiolezo cha waya. Mchanga huzuia bomba lisibonyee kwenye kona. Mchanga wa ufukweni, ulio rahisi kupatikana Mafia, hauna budi kuoshwa na kukaangwa kwanza, kwa sababu unyevu uliobaki hugeuka mvuke na kurusha kizibo kwa nguvu ya kumjeruhi mtu. Njia ya pili ni kukata vipande vya pembe na kuviunganisha kwa kuchomelea, kazi ya haraka lakini yenye kasoro, kwa kuwa matone ya chuma yanayobaki ndani huzuia mkondo wa moshi yasipoondolewa kwa tupa. Ndani ya sailensa, bomba lenye matundu huzungushiwa sufi ya kioo, na ikikosekana, ile ya chuma ya kusugulia masufuria hufanya kazi kwa muda.

Uagizaji ulipolegezwa kuanzia mwaka 1984, waliofaidika walikuwa wenye pikipiki za Kijapani, na baadaye za Kihindi na za Kichina, ambazo leo zimejaza barabara za Mafia kama bodaboda. Bomba la pikipiki ya Kichina ya sentimita za ujazo 125 ni jembamba mno kwa injini ya Kiingereza ya 650, hata likichomelewa kwa ustadi. Iliyo tofauti ni Royal Enfield Bullet, ambayo uzalishaji wake ulianza Madras mwaka 1955 na ukaendelea India baada ya kampuni mama kufa, kiasi kwamba mabomba yake mapya yameendelea kutengenezwa, ingawa matoleo hutofautiana na ni lazima vipimo vilinganishwe.

Kwa mwenye Triumph, BSA au Norton anayekusudia kuitumia Kiegeani, na si kuionyesha tu, bomba asilia lililotumika halifai, kwa sababu limeshaoza ndani. Nakala za kromu za bei nafuu hazitadumu misimu mingi. Chaguo la kwanza ni chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, ambacho kina molibdenamu ya kukikinga dhidi ya chumvi, hata kama joto litakigeuza rangi ya majani makavu karibu na hedi. La pili ni bomba la chuma cha kawaida lililokunjwa na fundi wa karibu kwa kipenyo cha ndani kilekile cha bomba la zamani, likiwa na tundu dogo la kutolea maji chini ya sailensa. Kwa vyovyote vile, kipenyo cha kipande cha kwenye hedi kipimwe kwa vernia kabla ya fedha kulipwa, kwa sababu bomba lisilokaa likishavuka maji hadi bandari ya Kilindoni kisiwani, gharama ya kulirudisha humwangukia mnunuzi.