Uchunguzi wa hitilafu za pampu ya injekta

Uchunguzi wa hitilafu za pampu ya injekta ni kazi ya kubaini iwapo injini ya dizeli inayokosa nguvu, kufuka moshi au kukataa kuwaka ina tatizo kwenye pampu au kwingineko katika mfumo wa mafuta. Katika Kaunti ya Kajiado, Kenya, kazi hii hufanyika katika gereji za Kitengela na za mji wa Kajiado, miji iliyo kwenye barabara kuu ya kutoka Nairobi hadi Namanga, inayopitiwa na matatu, malori ya mizigo na magari ya mifugo.

Aina
Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuunda pampu hizi kwa wingi mwaka 1927. Pampu ya safu, yenye planja (pistoni ndogo inayosukuma dizeli) kwa kila silinda, ingali kwenye malori ya zamani. Pampu ya mgawanyo, ambayo planja yake moja hulisha silinda zote, imo kwenye Toyota HiAce za injini ya 3L na 5L. HiAce za injini ya 2KD hutumia komoni reli: pampu hujaza reli, yaani bomba la pamoja la injekta zote, kwa shinikizo linaloweza kuzidi bar 1,000, nayo kompyuta huamua injekta ifunguke lini.

Sababu
Planja hulainishwa na dizeli yenyewe, na mwanya unaoizunguka ni wa elfu chache za milimita. Maji, vumbi na mafuta ya taa huila upesi. Ili kuzuia dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa, mwaka 2018 Kenya iliyatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita.

Hatua
Fundi huanza na tangi, chujio na mabomba. Mpira unaopitisha mwanga, ukiungwa mahali dizeli inapoingilia pampu, huonyesha mapovu ikiwa mfumo unavuta hewa. Injini ikizungushwa na starta bila moshi wowote kutoka, huenda dizeli haifiki kwenye silinda. Kwenye pampu ya mgawanyo, solenoidi ya kuzimia hupimwa umeme kwanza. Moshi mweupe huelekeza kwenye taimingi iliyochelewa au kompresheni dhaifu. Mweusi huelekeza kwenye dizeli iliyozidi au hewa iliyopungua.

Dalili ya wazi ya planja iliyolika ni gari kuwaka asubuhi na kukataa likiwa na joto, kwa kuwa dizeli ya moto ni nyepesi na huvuja kandokando ya planja. Pampu ikiachwa ipoe, kisha gari likawaka, shaka huiangukia pampu.

Kwenye injini za zamani, nati za mabomba ya injekta hulegezwa moja baada ya nyingine injini ikinguruma taratibu bila mzigo. Silinda ambayo haibadilishi mlio ndiyo dhaifu. Njia hii ni marufuku kwenye komoni reli: mchirizi wa dizeli hupenya ngozi, na jeraha hilo huhitaji hospitali mara moja. Kwenye komoni reli, fundi husoma shinikizo la reli kwa mashine na kupima dizeli inayorudi kutoka kila injekta. Chembe za chuma kwenye chujio humaanisha pampu inasagika, na mfumo mzima lazima usafishwe.

Uthibitisho
Uamuzi wa mwisho hutolewa na mashine ya kupimia pampu, inayoonyesha kiasi kinachotolewa kwa kila silinda. Pampu isibadilishwe kabla ya kipimo hicho.