Kioo, Jiwe na Tumbusi: Sanaa ya Leo katika Bustani za Mimea

Mwaka 1882 Joseph Hooker, mkuu wa bustani ya mimea ya Kew jijini London, alilipa jina la kitaalamu ua moja lililotoka Unguja. Lilikuwa limefika kwake kupitia John Kirk, mwakilishi wa Uingereza kwenye baraza la Sultani, na Hooker akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya mtawala huyo. Miaka kumi baadaye Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyetawala upande wa Tanga na Usambara, alimpelekea baba yake mbegu za ua la zambarau la milimani. Baba akazifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akalisajili ua hilo kwa jina la Saintpaulia. Leo yote mawili ni maua ya dirishani Ulaya nzima, na wengi wanaoyamwagilia maji hawajui kwao ni wapi.

Nimeanza na maua hayo kwa makusudi. Wanaoandika juu ya maonyesho ya sanaa katika bustani za mimea huwa wanasifia sanamu nzuri iliyosimamishwa mbele ya majani mabichi, kana kwamba majani ni pazia la ukumbini. Lakini bustani ya mimea ni maonyesho tayari, kabla msanii hajabisha hodi. Kila mti una kibao na namba, tarehe ya kufika na mtu aliyeuleta. Anayepeleka kazi yake mle anaingia kwenye nyumba ya wenyewe, na kazi nyingi nilizoziona zikisifiwa zimeingia bila kupiga hodi.

Bustani ya Padova, Italia, ilianzishwa mwaka 1545 ili wanafunzi wa udaktari wazijue dawa za miti kwa kuziona, wasije wakauziwa jani la uongo sokoni. Kew ilianza mwaka 1759 kama bustani ya jumba la kifalme, kisha ikageuka kuwa ofisi ya kilimo ya dola nzima. Mpira, kwinini na mazao mengine ya biashara yalipita hapo yakielekea kwenye mashamba ya makoloni. Mchoraji aliyeajiriwa kwenye bustani kama hizo alikuwa mtumishi wa sayansi: achore jani kwa vipimo vyake, mshipa kwa mshipa.

Marianne North hakukubali kazi hiyo. Alikuwa mwanamke wa Kiingereza mwenye mali yake, akazunguka dunia akichora mimea mahali inapoota, pamoja na milima na maji na nyumba za watu zilizo nyuma yake. Alijenga Kew ukumbi wake kwa fedha zake, ukafunguliwa mwaka huohuo wa 1882, na ndani yake picha zaidi ya 800 zimebanana fremu kwa fremu kama vigae. Aliomba wageni wapewe chai au kahawa humo. Hooker akakataa. North akachora mmea wa chai na mmea wa kahawa kwenye mlango, mambo yakaishia hapo. Kwangu mimi huyo ndiye msanii wa kwanza aliyejibizana na bustani ya mimea badala ya kuitumikia.

Sanamu za kisasa zilichelewa. Mwaka 1948 halmashauri ya jiji la London ilifungua maonyesho ya uchongaji katika bustani ya Battersea, watu wakitoka vitani, wamechoka na magofu. Henry Moore, mchongaji kutoka Yorkshire, alikuwa na kazi yake pale. Hiyo ilikuwa bustani ya kupumzikia, isiyo na mimea ya utafiti. Shaba za Moore zilifika Kew kwa wingi mwaka 2007, kazi 28, na mwaka uliofuata zikawa Bronx, katika bustani ya mimea ya New York. Zilipendeza. Moore alikuwa amezoea kuziweka kazi zake malishoni kati ya kondoo, kwa hiyo miti haikuzitisha. Lakini hazikusema neno lolote kuhusu Kew.

Aliyebadilisha mambo, kwa uzuri na kwa ubaya, ni Dale Chihuly. Mmarekani huyu alizaliwa Tacoma mwaka 1941, akajifunza kupuliza kioo, akaenda Venisi mwaka 1968 kuwaona mafundi wa Murano wakifanya kazi kwa timu. Mwaka 1976 alipoteza jicho la kushoto kwenye ajali ya gari nchini Uingereza, baadaye akaumia bega, na tangu hapo anachora na kuelekeza huku wengine wakishika mabomba mbele ya tanuri. Mwaka 1995, akiwa Nuutajärvi, Finland, alianza kutupa mtoni vipande vya kioo kutoka darajani aone maji yatavifanya nini. Vijana wa kijiji wakavifuata kwa mitumbwi ya mbao. Mitumbwi iliyorudi imejaa kioo cha rangi ikawa kazi yenyewe, na mpaka leo utaikuta kwenye madimbwi ya bustani anazoonyesha.

Jengo lililompa jina katika ulimwengu wa mimea ni Garfield Park Conservatory, magharibi mwa Chicago. Jens Jensen alilibuni kwa umbo la marundo ya nyasi za malisho ya nchi ile, likafunguliwa mwaka 1908. Ndani ni kama umeingia bondeni: makangaga, mawe, maji yanayotiririka. Mtaa uliolizunguka ulikuja kuwa wa Wamarekani weusi, uwekezaji ukauhama, na jengo likachakaa pamoja nao. Majira ya baridi ya mwaka 1994 mitambo ya joto ilishindwa na mimea mingi ya nchi za joto ikafa kwa baridi. Watu wakaunda umoja wa kuliokoa. Kuanzia Novemba 2001 kioo cha Chihuly kikawekwa humo kwa mwaka mmoja, na watu zaidi ya nusu milioni wakaja, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga upande ule wa jiji. Makuti yalikuwa kijani, vioo vikachomoza katikati yake kama mikunga myekundu. Hata anayekibeza kioo cha Chihuly kwa kumeremeta kupita kiasi, na mimi ni mmoja wao, lazima akiri kwamba jengo lile liliamshwa nacho. Majani yake ya njano ya yungiyungi bado yamo kwenye dimbwi la nyumba ya magimbi. Tarehe 30 Juni 2011 mvua ya mawe ilivunja paa za kioo za jengo hilo, na kazi ya kuokota vigae kati ya mimea ilichukua muda mrefu.

Baada ya Chicago kila bustani kubwa ilitaka Chihuly wake: Kew mwaka 2005 na tena 2019, New York mwaka 2006 na tena 2017. Hesabu zilikuwa nyepesi. Bustani ya mimea hula fedha kwa joto, maji na mishahara ya watu wanaojua kupogoa, na tiketi ya maonyesho hulipa. Watunza bustani nao walijifunza mambo ambayo kumbi za sanaa hazijawahi kuyawaza. Winchi ya tani kadhaa hushindilia udongo, na mizizi ikakosa hewa. Nguzo ya chuma haichimbiwi popote msanii apendapo, maana chini kuna mizizi ya mti wenye umri wa karne mbili. Kioo kinachonyunyiziwa maji kila asubuhi hujaa madoa ya chokaa, basi lazima awepo mtu wa kukifuta. Na mmea hausubiri maonyesho yaishe: katika miezi sita jani lililokuwa chini ya sanamu linakuwa juu yake.

Mwaka mmoja kabla ya Chicago kupata kioo, Kew ilikuwa imepokea jiwe kutoka Zimbabwe, na habari hiyo inasimuliwa kidogo mno. Uchongaji huo una mizizi miwili mashuhuri. Mmoja ni jumba la taifa la sanaa lililofunguliwa mjini Salisbury, Harare ya leo, mwaka 1957, ambapo mkurugenzi Frank McEwen aliwapa vijana nafasi na vifaa. Mwingine ni Tengenenge, shamba la tumbaku la Tom Blomefield upande wa kaskazini. Vikwazo dhidi ya serikali ya walowezi vilipoiua biashara ya tumbaku, Blomefield na wafanyakazi wake mwaka 1966 waligeukia jiwe la sapentini lililokuwa ardhini mwao. Waliofika kuchonga hawakuwa Washona peke yao. Walitoka Malawi, Angola, Msumbiji na Zambia, wengi wakiwa vibarua wa mashambani. Bernard Matemera alichonga watu wazito wenye vidole vitatu. Henry Munyaradzi alipunguza uso mpaka ukabaki duara na mistari miwili.

Jiwe hilo lina namna yake. Likishachongwa na kusuguliwa kwa msasa chini ya maji, hupashwa moto kisha hupakwa nta, na pale nta inapoyeyuka ndipo weusi wake hutokea ghafla, unang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Mahali ambapo patasi haikufika huachwa na gamba lake la kahawia. Mchongaji mzuri huamua mapema wapi aache gamba. Na kazi zilizokwisha, huko Tengenenge, hupangwa nje kwa safu kati ya miti, kwenye jua na mvua.

Kwa hiyo Roy Guthrie, aliyeanzisha jumba la sanaa la Chapungu mwaka 1970 na kulipa jina la pungu, ndege anayeheshimiwa na Washona, hakuwa akibuni jambo jipya kwa wachongaji alipozipeleka sanamu zao bustanini. Zilikaa Kirstenbosch, chini ya Mlima Meza jijini Cape Town. Zilikaa Kew mwaka 2000, na mwaka 2001 zikawa katika bustani ya mimea ya Missouri jijini St. Louis. Baadaye, mwaka 2007, bustani nzima ya sanamu hizo ilifunguliwa Loveland, Colorado. Watazamaji walizipenda, watoto walizipanda na kuzikumbatia. Jiwe linavumilia mikono.

Maonyesho yale yaliitwa kwa jina la mila na hekaya. Hapo ndipo ninapokwazwa. Wachongaji wa Tengenenge walikuwa watu wa karne ya 20 waliofanya kazi ya kisasa kwa ajili ya soko la kisasa, lakini wakiwekwa kati ya mitende kwa jina hilo, mtazamaji wa London huwaona kama sehemu ya uoto: jiwe limeota, mizimu imesema. Moore alipofika mahali palepale miaka saba baadaye hakuna aliyemwandika kuwa ni mila ya Yorkshire. Umbali wa hatua chache tu, ndani ya nyumba ya mitende, Kew ina mti wa jamii ya mitapo ulioletwa na Francis Masson kutoka Afrika Kusini mwaka 1775, unaohesabiwa kuwa miongoni mwa mimea ya chungu yenye umri mkubwa kuliko yote duniani. Jiwe la Afrika na mti wa Afrika vilikuwa jirani miezi kadhaa, na kama mtu angetaka kusimulia vilifikaje, angekuwa na maonyesho mengine kabisa.

Mchongaji David Nash alikaribia zaidi kuzungumza na bustani yenyewe mwaka 2012. Hakuleta sanamu tu Kew, alihamia na misumeno yake akafanya kazi kwenye miti ya bustani yenyewe iliyoanguka, iliyougua au iliyofika mwisho wake, akachonga na kuunguza baadhi mpaka ikawa makaa. Mzinga wa Wolfgang Buttress, uliotoka kwenye maonyesho ya dunia ya Milan na kusimikwa Kew mwaka 2016, ni vipande vya alumini 170,000 vilivyopanda mita 17. Taa na sauti zake hufuata mtikisiko wa nyuki halisi walio kwenye mzinga wa bustani. Wapo wanaouona kama mtambo. Mimi nauona kama kazi inayosikiliza. Yayoi Kusama, ambaye familia yake ilikuwa na kitalu cha mbegu Matsumoto, alipeleka New York mwaka 2021 mipira 1,400 ya chuma kinachong'aa ielee majini. Aliwahi kumwaga mipira ya namna hiyo Venisi mwaka 1966 akaiuza mmoja mmoja mpaka akazuiwa. Bronx ilikuwa imetulia mno kuliko hiyo fujo ya kwanza.

Ebony Patterson wa Jamaika alifika bustani hiyohiyo ya New York mwaka 2023, na hapo mambo yakageuka. Alikuwa amekaa na wanasayansi wa bustani na kuchungulia hifadhi yao ya mimea iliyokaushwa. Kisha akaijaza bustani mamia ya tumbusi weusi, wamefunikwa unga unaometameta, wakiinama kwenye vitalu vya maua kama walionusa kitu chini ya petali. Ndani, tausi mweupe. Na kwa kioo kisicho na rangi, mimea iliyokwisha kutoweka duniani. Mgeni alikuja kuona waridi akakuta walaji wa mizoga, na hakuweza kupiga picha ya ua bila tumbusi kuingia. Kioo kilichotumika kwingine kupamba hapa kilikuwa mzimu wa mmea. Katika miaka yote hii sijui kazi nyingine iliyoiuliza bustani ya mimea kwa uwazi namna ile: nini kilikufa ili hiki kiote hapa?

Herrenhausen, alikolipatia Wendland jina ua la Usambara, nako kuna sanaa. Ng'ambo ya barabara kutoka bustani ya mimea, ndani ya pango la kupumzikia la karne ya 17, Niki de Saint Phalle alifunika kuta kwa vioo, vipande vya kioo cha rangi na kokoto. Alifariki mwaka 2002, pango likafunguliwa mwaka 2003. Ni kazi ya furaha, nami siilaumu kwa kutotaja Usambara; haikuombwa. Lakini watu wa Tanga wanaopita Hannover wana haki ya kujua kwamba ua lao lilisajiliwa hatua chache kutoka pale.

Dar es Salaam ina bustani yake ya mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 chini ya mwanasayansi wao Stuhlmann kama shamba la kujaribia mazao ya koloni, na Makumbusho ya Taifa ni jirani yake. Wasanii wa jiji wanaonyesha kazi zao ndani ya makumbusho na wanapumzika mchana chini ya miti ya bustani. Siku kazi hizo zitakapovuka ukuta, vibao vya miti vitakuwa ndivyo vitu vya kwanza vya kusomwa, kabla ya winchi kuagizwa: jina, mwaka wa kufika, ulitoka wapi, uliletwa na nani kwa kazi gani.