Washila wa Ziwa Mweru

Tukifundisha historia ya Kiswahili tunaishia Ujiji, tukausahau mwambao wa Nchelenge, Zambia. Wenyeji wake ni Washila, wavuvi waliotawaliwa na Nkuba. Masimulizi yanadai Nkuba alimwua mpwa wake. Nachituti, mama wa marehemu na dada yake Nkuba, akamwendea Mwata Kazembe wa Walunda, na baada ya kisasi akamkabidhi nchi na ziwa. Hati miliki ya mdomo tu! Tena yenye kumfaa Kazembe. Wanafunzi wa fasihi simulizi waipime.

Livingstone alipofika kwa Kazembe mwaka 1867 alimkuta mfanyabiashara Muhammad bin Saleh, aliyezuiliwa huko miaka mingi. Kiswahili, basi, kiliutangulia utawala wa Waingereza. Washila wangali wanavua, hasa chisense, jamii ya dagaa, wanaoanikwa ufukweni.