Siku tatu za kuzuru Kitui na Makueni: Jinsi ya kupanga safari

MKENYA aliyejaliwa nafasi ya kuzuru Roma au London kwa siku tatu hujiandaa miezi kadhaa kabla. Huuliza majira ya mvua, husoma historia ya kila jengo mashuhuri, na hupanga saa zake ili asipoteze hata asubuhi moja. Mkenya huyo huyo akifika Kitui, aghalabu huwa ameitwa na mazishi au harusi. Hulala usiku mmoja akarejea Nairobi, asijue kwamba jina la nchi yake lilifika Ulaya kwa sababu ya mazungumzo yaliyofanyika huko. Makueni nayo huitazama kupitia dirisha la basi linaloelekea Mombasa.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzizuru kaunti hizo mbili kwa siku tatu, kwa gari la kibinafsi au kwa matatu, bila kukimbizana na wakati na bila kujitia hatarini.

Kwanza, ukubwa wa eneo lenyewe. Kitui ina zaidi ya kilomita mraba 30,000, nayo Makueni takriban 8,000. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 katika Kitui na 987,653 katika Makueni. Mto Athi ndio mpaka mkuu baina yao. Kwa hivyo, anayedhani kwamba ataona kila kitu kwa siku tatu anajidanganya. Kinachowezekana ni mzunguko mmoja: kutoka Nairobi hadi Machakos, kisha Kitui, kuteremka kusini kupitia Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi, halafu kurejea kwa barabara kuu ya Mombasa. Mzunguko huo una takriban kilomita 520. Gari dogo linalotumia lita moja kwa kilomita 12 litahitaji lita 43 au 44 za petroli, na ni busara kupangia lita 55, maana vivutio vingi viko pembeni mwa barabara.

Miaka ya nyuma mzunguko huu ulikuwa adhabu. Sehemu ya Kitui hadi Kibwezi ilikuwa vumbi na mawe matupu, na mtu wa Mutomo aliyetaka kufika Mombasa alijua kwamba safari ingemla siku nzima. Barabara hiyo imetiwa lami, na sasa inawezekana kunywa chai ya asubuhi mjini Kitui na kula chakula cha mchana Kibwezi.

MAJIRA YA KUSAFIRI

Ukambani hupata mvua mara mbili kwa mwaka: ya Machi hadi Mei, na ile ya Oktoba hadi Desemba ambayo wakulima wengi huitegemea zaidi. Kati ya Juni na Septemba hewa huwa ya wastani, barabara za udongo hupitika, lakini nchi hukauka na kuwa ya rangi ya kahawia. Anayependa kuona milima ya kijani na kula maembe yaliyoivia mtini asafiri Januari au Februari, mvua ikiwa imekwisha na msimu wa maembe ungali unaendelea.

Iwapo ni lazima usafiri wakati wa mvua, kuna jambo moja lisilo na mjadala. Mito mingi ya huku ni ya msimu. Kwa miezi kadhaa huwa mchanga mtupu, watu wakichimba humo visima vifupi vya maji, kisha ghafla hufurika kutokana na mvua iliyonyesha mbali, pengine mahali ambapo wewe huoni hata wingu. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya wa Kikatoliki na jamaa waliokuwa wakielekea harusini lilisombwa na Mto Enziu karibu na mji wa Mwingi, dereva alipojaribu kuvuka daraja lililofunikwa na maji. Zaidi ya watu 30 walifariki. Walikuwa wenyeji wa eneo hilo, watu wanaoujua mto. Mgeni akikuta maji yamepita juu ya daraja, azime injini na asubiri, hata ikiwa ni kulala mji wa karibu na kupoteza malipo ya chumba alichokwisha kukodi kwingine.

SIKU YA KWANZA: MACHAKOS HADI KITUI

Anza mapema. Machakos, kilomita 65 hivi kutoka Nairobi, haimo katika kaunti tunazozizungumzia, lakini hupaswi kuipita bila kusimama. Mji huo, uliopewa jina la mzee Masaku, ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza katika sehemu za bara wakati Nairobi ilikuwa bado kinamasi. Reli ilipita mbali nao, na mwaka wa 1899 maafisa wakahamia Nairobi. Wakenya wachache hukumbuka kwamba jiji lao kuu lilirithi hadhi hiyo kutoka kwa mji wa Wakamba.

Kutoka hapo barabara huelekea Masii na Wamunyu. Wamunyu ndiko chimbuko la vinyago vya Wakamba vinavyouzwa katika maduka ya watalii kote nchini. Masimulizi yanayokubaliwa na wengi humtaja Mutisya Munge, aliyejifunza ufundi huo kwa wachongaji wa Tanganyika alipokuwa huko wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani. Ukitaka kununua kinyago, nunua hapa, kwa mchongaji mwenyewe. Bei ni nafuu, na fedha haipiti mikononi mwa madalali.

Baada ya Wamunyu utavuka Mto Athi na kuukwea uwanda wa juu wa Yatta. Tazama jinsi ulivyo mrefu na bapa kama meza. Huo ni mabaki ya mtiririko wa lava unaoenea kwa takriban kilomita 300, na hutajwa miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Kitui iko mbele yako, kilomita 105 hivi kutoka Machakos. Mji una hoteli za viwango mbalimbali, ila zijaapo wageni wa sherehe za kitaifa, kama ilivyokuwa Oktoba 20, 2025 Siku ya Mashujaa ilipoadhimishwa katika uwanja wa Ithookwe, chumba huwa adimu. Piga simu kabla ya kuondoka nyumbani.

Jioni hiyo, kabla ya kulala, inafaa kukumbuka yaliyotukia katika nchi hii mwaka wa 1849. Katika karne hiyo Wakamba walikuwa mabingwa wa biashara ya masafa marefu, misafara yao ikipeleka pembe za ndovu hadi Mombasa. Mmoja wa wakuu wa biashara hiyo alikuwa Kivui Mwenda wa Kitui. Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa na makao yake Rabai, alifunga safari hadi kwa Kivui, na mnamo Desemba 3, 1849 akauona kwa mbali mlima wenye theluji. Wenyeji waliuita Kiinyaa. Krapf aliliandika jina hilo kama alivyolisikia, na kutokana na maandishi yake likawa Kenya. Huko London, wasomi kama William Desborough Cooley walikataa katakata kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta. Hawakuwa wamefika, lakini walikuwa na hakika! Mwaka wa 1851 Krapf alirudi, wakashambuliwa yeye na mwenyeji wake karibu na Mto Tana, Kivui akauawa, na Mjerumani huyo akanusurika kwa shida. Mwaka wa 1920 jina lililotoka Kitui lilipewa koloni zima.

SIKU YA PILI: NZAMBANI, MUTOMO, ATHI

Jiwe la Nzambani liko kilomita zipatazo 8 kutoka mjini. Ni mwamba mmoja mkubwa uliosimama peke yake, na ngazi ya chuma imejengwa ubavuni kumwezesha mgeni kufika kileleni. Kuna ada ya kuingia, na walinzi wa mahali hapo hufurahia kusimulia imani kwamba anayeuzunguka mwamba mara saba hubadilika jinsia, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Sijasikia aliyemaliza mzunguko wa saba. Panda asubuhi na mapema, kwa sababu chuma hupata moto jua likishika, tena upepo wa kileleni si wa mchezo kwa watoto. Ikiwa hakuna mawingu, elekeza macho kaskazini-magharibi, upande ule Krapf aliotazama.

Kutoka Nzambani, endelea kusini hadi Mutomo. Kuna kilima chenye hifadhi ya mimea ya maeneo makavu, ambako mpenzi wa miti anaweza kukaa saa mbili bila kuchoka. Wengine watatosheka na nusu saa. Vaa viatu vilivyofunika mguu mzima. Nchi hii ina nyoka wengi, na kuumwa na nyoka ni tatizo halisi la afya katika Kitui; usiingize mkono penye mawe au vichaka, na ukitembea usiku beba tochi.

Baada ya Ikutha barabara huvuka tena Athi na kuingia Makueni. Njiani, kila panapokuwa na mkondo mkavu, tazama kama utaona ukuta wa zege uliojengwa kutoka ukingo hadi ukingo. Hilo ni bwawa la mchanga. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki katikati ya chembechembe zake, mbali na jua lisiweze kuyakausha. Wanakijiji huyachota miezi mingi baada ya mvua. Kwa maoni yangu, ni ujenzi unaostahili kutazamwa sawa na mfereji wowote wa kale wa Warumi, na huu ungali unanywesha watu.

Je, Mbuga ya Mwingi iliyo kaskazini? Inapakana na Mto Tana na eneo la Kora, ambako George Adamson aliishi na simba wake hadi alipouawa mwaka wa 1989. Ni mahali pazuri, lakini pako mbali, barabara zake zinahitaji gari la magurudumu manne, na mizozo ya malisho huzuka mara kwa mara katika sehemu za mipakani. Iache kwa safari nyingine, na hata hapo uulize kwanza kwa maafisa wa Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS).

SIKU YA TATU: KIBWEZI NA MAKINDU

Kibwezi ni mji uliochangamka, na historia yake ni ndefu kuliko wanavyojua wasafiri wanaonunua maji na ndizi hapo. Mwaka wa 1891 wamishonari wa Scotland walifungua kituo hapa. Malaria iliwasumbua mno hata wakahamia nchi ya Wakikuyu mwaka wa 1898, wakaanzisha kituo kilichokuja kujulikana kama Thogoto.

Vilima vya Chyulu, vinavyoonekana upande wa kusini-magharibi, vilitokana na volkano changa kabisa kwa hesabu ya miamba. Mlipuko wa mwisho ulitokea katikati ya karne ya 19. Havina mito. Mvua yote huzama katika lava na kutokea chini kama chemchemi, zikiwemo za Umani katika msitu wa Kibwezi, na zile za Mzima ambazo hupeleka maji hadi Mombasa. Mtu wa Pwani anayefungua mfereji huenda anakunywa mvua ya Chyulu. Ada za mbuga za taifa hulipwa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, kwa hivyo lipa kabla ya kufika langoni, na uhakikishe viwango vya wakati huo, kwani hubadilika.

Kutoka Kibwezi hadi Makindu ni mwendo wa nusu saa hivi. Hekalu la Makalasinga la Makindu, lililojengwa mwaka wa 1926 pale wajenzi wa reli walipokuwa wakiabudu, hupokea kila mtu. Chakula ni cha bure, mchana na usiku, na hata malazi yapo. Unachotakiwa ni kuvua viatu, kufunika kichwa, na kuacha nje pombe na tumbaku. Kula kadiri ya shibe yako, maana kumwaga chakula hapo ni utovu wa adabu. Sadaka ni hiari.

Ukipita Kiboko, kumbuka kwamba kati ya 1944 na 1946 mwindaji J. A. Hunter aliua karibu vifaru 1,000 katika Makueni kwa agizo la serikali ya kikoloni, ili nchi isafishwe kwa ajili ya makazi ya Wakamba. Baadaye alijenga hoteli hapo Kiboko iliyobeba jina lake. Leo utapita kilomita mia moja bila kuona hata kifaru mmoja.

Mwenye saa za ziada aingie ndani kutokea Emali hadi kilima cha Nzaui. Hapo ndipo Peter Cameron Scott alipofungua mwaka wa 1895 kituo cha kwanza cha misheni iliyozaa kanisa la AIC, akafariki mwaka uliofuata.

MAMBO MENGINE YA KUZINGATIA

Asiye na gari anaweza kufika Kitui kwa matatu kutoka Nairobi, kisha akashuka hadi Kibwezi kwa matatu nyingine na kurejea kwa treni ya SGR inayosimama Kibwezi, Emali na Mtito Andei. Tiketi za Desemba na Pasaka huisha mapema. Treni ya moja kwa moja haisimami katika vituo hivyo, basi soma vizuri kabla ya kulipa.

Chakula cha kuonja ni muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe, na pojo za huku. Asali ya Kitui na Mwingi inunue kwa vikundi vya wafugaji nyuki au katika maduka yanayojulikana. Ile ya chupa kando ya barabara huenda imechanganywa na sukari. Ukitaka kumpiga mtu picha, mwombe kwanza, na akikubali mwambie "muvea", ndiyo asante kwa Kikamba.

Panga kuondoka Makindu kabla ya saa nane mchana. Barabara kuu ya Mombasa hujaa malori, na kipande cha Sultan Hamud hadi Salama si cha kuendeshwa gizani na dereva aliyechoka kwa siku tatu.