Cheche na Jina: Historia Fupi ya Kuwasha Injini Zizungukazo katika Ndege

Wanafunzi wa lugha wajua vema kwamba jina moja likibeba vitu viwili, mara nyingi hapana hasara. Msikilizaji huutambua muradi kwa maneno yaliyo kando yake. Lakini ziko kazi ambazo kosa la jina huwa kosa la mkono, na kosa la mkono likawa ajali. Makusudi ya makala haya ni kuueleza mfano mmoja wa jambo hilo, nao ni habari ya injini zizungukazo katika ndege, na hasa habari ya cheche iziwashayo.

Kwa Kiingereza neno moja, “rotary,” hutajwa kwa injini za namna mbili zisizo na udugu. Ya kwanza ni ile ya miaka ya 1908 hadi 1918, ambayo silinda zake zote huzunguka pamoja na rafadha, na mhimili wake umetulia. Ya pili ni ile iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel, isiyo na pistoni za kwenda na kurudi. Ndani ya kasha lake huzunguka kiungo cha pembe tatu. Wajerumani wamezitenga: ya kwanza huiita Umlaufmotor, na ya pili Kreiskolbenmotor. Wafaransa nao huongeza neno pistoni katika jina la ile ya pili. Waingereza na Wamarekani hawakufanya hivyo, na sisi tulio na mazoea ya kuyapokea majina yao twaweza kuupokea mchanganyiko huo pamoja nayo.

Tuanze na ile ya kale. Ndugu wawili Wafaransa, Louis na Laurent Seguin, waliunda injini ya Gnome yenye silinda 7 na nguvu za farasi 50. Mwezi wa Agosti 1909, huko Reims, Henry Farman alishinda tuzo ya mwendo mrefu kwa kuruka kilomita 180 akitumia injini hiyo. Sifa yake ilikuwa wepesi, na kwa kuwa silinda zilikata hewa zenyewe, zilipoa bila maji.

Lakini umeme utafikaje kwenye plagi inayozunguka? Magineto, yaani mtambo wa sumaku uzaao umeme bila betri, ilifungwa kwenye bamba lililotulia nyuma ya injini. Kipande cha kaboni kiligusa duara iliyozunguka pamoja na silinda, na kutoka duara hiyo waya za shaba nyeupe, zilizo wazi pasipo kuvikwa, zilikwenda kila moja kwa plagi yake. Silinda 7 huhitaji cheche 7 katika mizunguko miwili. Basi magineto itoayo cheche 2 kwa kila mzunguko wake hapana budi izunguke mara 7 wakati injini izungukapo mara 4. Mpango huo ulikuwa sahili, nao ulifanya kazi.

Taabu ilitoka kwingine. Injini hiyo ililainishwa kwa mafuta ya mbarika, ambayo hayakurudi katika tangi bali yalitupwa nje pamoja na moshi. Tena rubani hakuwa na njia nzuri ya kupunguza nguvu, kwa hiyo alipotaka kutua alibonyeza kitufe katika usukani wake akaikata cheche, kisha akaiachia tena, na tena. Kila alipoikata, petroli na mafuta viliendelea kuingia. Plagi zililowa, na petroli isiyoungua iliweza kukusanyika chini ya kifuniko cha injini na kushika moto cheche iliporudi. Basi cheche, ambayo ni uhai wa injini, ilikuwa pia ndiyo hatamu yake.

Pwani yetu iliziona injini hizo. Mwezi wa Februari 1915 Waingereza walileta katika kisiwa kidogo cha Niororo, karibu na Mafia, ndege mbili za baharini za Sopwith zenye injini za Gnome Monosoupape, jina lenye maana ya vali moja. Walikuwa wakiitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Katika joto la huko ndege hizo hazikuweza kuinua mzigo uliotakiwa. Ndege za namna nyingine ndizo zilizoongoza mizinga mpaka manowari hiyo ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Baada ya 1918 injini za silinda zizungukazo ziliachwa, ingawa katika miaka yetu hii karakana ya New Zealand imeunda Monosoupape mpya kwa ajili ya wapenzi wa ndege za kale.

Injini ya Wankel iliwaka mara ya kwanza tarehe 1 Februari 1957 katika kiwanda cha NSU, mjini Neckarsulm. Hapa historia inafanya mchezo, kwa maana katika mfano ule wa kwanza kasha nalo lilizunguka, na plagi zilikuwa katika kiungo cha ndani. Ilikuwa lazima kuifungua injini ili kubadili plagi. Mhandisi Hanns Dieter Paschke akalituliza kasha, na kazi yake ndiyo iliyoingia katika magari, kwanza NSU mwaka 1964, kisha Mazda ya Japani mwaka 1967.

Wakati huohuo watu wa Marekani walikuwa wakijiundia ndege nyumbani. Chama chao kikubwa kilianzishwa Wisconsin mwaka 1953. Baadhi yao waliipenda injini ya Mazda iitwayo 13B, yenye viungo viwili vya pembe tatu, kila kimoja na nafasi ya sentimeta za ujazo 654. Ni ndogo, haitetemeki sana, na vyombo vizungukavyo ndani yake ni vichache. Kila kasha lina plagi mbili. Na hapa ndipo penye mtego.

Katika injini ya kawaida ya ndege ndogo, kila silinda ina plagi mbili, na kila moja huhudumiwa na magineto yake. Moja ikifa, ya pili humfikisha rubani salama. Betri ikifa, zote mbili zaendelea. Mwundaji aonapo plagi mbili katika 13B hudhani ameona ulinzi uleule. Sivyo. Chumba cha moto cha injini hiyo ni kirefu na chembamba, na moto wa cheche moja hauwezi kukimaliza kwa wakati. Plagi ya pili iliwekwa kuusaidia moto, haikuwekwa kuwa akiba. Injini ikikosa plagi itanguliayo, nguvu hupungua sana. Ikikosa ile ifuatayo, hupungua kidogo tu. Aidha, katika mpango wa gari zote hutegemea betri moja na kiongozi kimoja cha umeme. Waya mmoja ukikatika, zote zanyamaza.

Hata koili zake si sawa. Plagi mbili zitanguliazo zaweza kuwashwa pamoja na koili moja yenye ncha mbili, kwa kuwa cheche ya ziada huangukia gesi iliyokwisha kuungua. Zifuatazo hazifai kufanywa hivyo, maana cheche ya ziada ingeikuta hewa mpya yenye petroli. Kwa hiyo mwenye kubadilishana waya habadilishi nambari tu, bali anaweza kuwasha moto pasipo wakati wake.

Tena plagi hizo hazina mapumziko. Injini ya pistoni yenye mapigo manne hutoa cheche mara moja katika mizunguko miwili. Hii hutoa kila mzunguko, yaani cheche 100 kwa sekunde katika mwendo wa mizunguko 6,000 kwa dakika, na upande ule wa kasha haupozwi na hewa mpya. Petroli ya ndege yenye risasi, hata gramu 0.56 kwa lita, huacha masizi yake juu ya plagi, ndipo injini ikaanza kile ambacho mafundi wetu hukiita “misi.” Waundaji waangalifu wameweka betri mbili na viongozi viwili, nao hujaribu kila jozi ya plagi kabla ya kuruka.

Sasa turudi kwenye kazi yetu sisi wa lugha. Napendekeza injini ya kwanza iitwe injini ya silinda zizungukazo, na ya pili injini ya pia, kwa mfano wa pia wachezayo watoto. Plagi nazo tusiziite ya juu na ya chini, kama zionekanavyo katika gari, kwa sababu waundaji wengine huilaza injini ubavu plagi zikaelekea juu zote mbili, na majina yale yakawa uongo. Tuziite itanguliayo na ifuatayo. Majina hayo hukaa kweli hata injini ikigeuzwa.

Msanifu wa istilahi hukaa mezani, mbali na uwanja wa ndege. Lakini fundi atakayefunga waya kwa kulifuata jina tulilompa atapanda ndege hiyo, pengine na mwanawe. Jina lililoundwa kwa sura ya kitu lampasa kwanza kupimwa kwa kazi ya kitu hicho.